Jinsi ya Kuchora Picha Yako Mwenyewe Inayoenea Kiganjani

Mwaka 1577 mchoraji Mwingereza Nicholas Hilliard, wakati huo ana miaka 30, alijichora ndani ya kiduara chenye upana wa milimita 41 hivi. Kiduara hicho kipo mpaka leo London, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Ndani yake mna kofia nyeusi, nywele zilizojisokota, ukosi wa lesi na macho yanayokutazama kama ya mtu aliyekufuma ukimchungulia.

Watu wakiona kazi ya namna hii husema mchoraji alikuwa na macho ya mwewe na subira ya ajabu. Vyote viwili vinasaidia, lakini nimeona wenye macho mazuri wakiharibu picha ndogo nyingi (mimi nikiwa mmoja wao) kwa sababu moja: hawakujua cha kuacha. Uso wako unaujua mno. Unajua kovu la utotoni, unajua nyusi ya kushoto ilivyo nyembamba, na unataka vyote viingie kwenye nafasi ya kucha ya kidole gumba. Haviingii. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuchagua.

Kwanza ukubwa, kabla ya kugusa rangi

Vyama vingi vya wachoraji wa picha ndogo hufuata kanuni ya moja kwa sita: kitu unachokichora kisizidi sehemu ya sita ya ukubwa wake halisi. Kichwa cha mtu mzima, toka utosini hadi kidevuni, ni kama sentimita 22. Ukigawa kwa sita unapata sentimita tatu na nusu na ushei. Mimi nashauri uende moja kwa nane, yaani kichwa cha milimita 27 na nusu, ndani ya umbo la yai lenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 6.5. Nafasi hiyo inatosha kichwa, shingo na mwanzo wa mabega, na hewa kidogo juu ya nywele. Tena hesabu yake ni nyepesi ukitumia kioo, kama utakavyoona.

Ukitaka mkono au kitu mkononi, panua kidogo. Sofonisba Anguissola wa Italia, kwenye picha yake ndogo ya mwaka 1556 hivi iliyoko Boston, alijichora ameshika ngao kubwa ya duara yenye herufi zilizofumwa pamoja, nayo inaziba karibu kifua chote. Ni ujanja mzuri: amejipunguzia kazi ya nguo na papo hapo akakupa kitu cha kufumbua. Kwa mara ya kwanza, hata hivyo, baki na kichwa na mabega.

Vifaa

Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uso laini kabisa, ile iliyoshinikizwa kwa joto, uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi yenye chembechembe haifai, maana kila kitundu chake kitaonekana kama ndui usoni mwako. Ibandike kwenye kadi ngumu ili isijikunje. Hilliard na wenzake walitumia ngozi nyembamba ya ndama iliyobandikwa nyuma ya karata ya kuchezea, nayo ingali imara baada ya zaidi ya miaka 400. Mwanzoni mwa karne ya 18 Rosalba Carriera wa Venice ndiye aliyeipa nguvu desturi ya kuchora juu ya vipande vya pembe za ndovu. Hiyo iachie historia. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na karatasi nzuri inakutosha.

Kuhusu brashi, wengi hukimbilia ile ndogo kuliko zote dukani, yenye manyoya matano hivi. Ni kosa. Brashi hiyo haibebi rangi, na tone lake hukauka kabla halijafika kwenye karatasi. Nunua namba 1 au 2 ya manyoya ya asili yenye ncha kali sana. Tumbo lake linahifadhi rangi, ncha yake inachora. Ijaribu kwa kuichovya majini na kuikung'uta mara moja: ikirudi kwenye ncha moja kama sindano, ichukue, ikigawanyika mara mbili, iache.

Rangi chache zinatosha: okra ya njano (njano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nyekundu moja ya kudumu, bluu ya ultramarini na guashi nyeupe, yaani rangi ya maji nzito inayoziba kilicho chini yake. Soma maandishi kwenye tyubu uone rangi inavyostahimili mwanga. Hili si dogo. Nyuso nyingi za Hilliard leo zinaonekana kama za watu waliotoka kuugua, kwa sababu nyekundu aliyoitumia mashavuni na midomoni imechujuka. Yeye aliwachora wakiwa na damu usoni.

Ongeza kisahani cheupe cha kuchanganyia, penseli ngumu, karatasi angavu ya kunakilia, sindano, wembe, kipande cha sabuni kikavu na kioo cha kujitazamia.

Halafu vaa nguo isiyotoa nyuzi. Hilliard aliwashauri wachoraji wavae hariri, wasiguse kazi kwa vidole, wasiihemee, na wajihadhari na mate na mba. Nilidhani ni madaha ya watu wa ikulu mpaka uzi wa sweta yangu uliponatia kwenye shavu bichi. Kwenye uso wa sentimita tatu, uzi wa sweta ni kamba ya meli.

Kujipima kwenye kioo

Kaa mbele ya kioo kilichosimama wima, karibu kiasi cha kukifikia kwa mkono. Mwanga utoke upande mmoja: kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja ni zuri, ila hubadilika saa hadi saa, na kazi hii itachukua siku kadhaa. Taa moja yenye mwanga mweupe, iliyowekwa mahali pamoja kila siku, haina ugeugeu. Mwanga uangaze uso wako, usiangaze kioo.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wapime wenyewe: umbo la uso wako juu ya kioo, ukilifuata kwa kalamu, lina nusu kamili ya ukubwa wa uso wako. Ukisogea nyuma halibadiliki, ukisogea mbele halibadiliki. Sababu ni kwamba taswira inaonekana imesimama nyuma ya kioo kwa umbali uleule uliosimama wewe mbele yake, hivyo kioo kinakata katikati ya safari.

Tumia zawadi hiyo. Egemeza kidevu kwenye rundo la vitabu, fumba jicho moja, na kwa ncha ya sabuni chora juu ya kioo: mzingo wa kichwa, mstari wa nywele, nyusi, pembe za macho, chini ya pua, mstari wa midomo, kidevu, masikio. Jicho ulilolifumba weka alama za pembe zake tu, usije ukajichora unakonyeza. Wala usibadilishe jicho katikati ya kazi, maana picha yote itahama.

Utapata uso wa sentimita 11 hivi. Bandika karatasi angavu juu yake, unakili, kisha chora miraba ya sentimita moja moja juu ya nakala. Kwenye karatasi nyingine angavu chora miraba ya milimita 2.5. Hamisha mraba kwa mraba, na uso utashuka hadi robo ya nakala, yaani moja kwa nane ya uso wako halisi. Mashine ya fotokopi ikiwekwa asilimia 25 itafanya hivyo kwa sekunde, lakini ukihamisha kwa mkono utakuwa umeshajifunza umbali wa kila kitu kabla ya brashi.

Usifute sabuni yote kioo kizima. Acha alama za macho na kidevu. Kila ukirudi kukaa, linganisha uso wako na alama hizo kwanza, na kichwa kitarudi palepale kilipokuwa jana. Bila hivyo utachora jicho moja la Jumatatu na jingine la Alhamisi, na hayatapatana.

Kioo kinakugeuza kushoto kulia, nawe umezoea hivyo. Ndugu zako wanaujua uso mwingine, ndiyo maana wataiangalia picha na kusema "ni wewe, lakini…" Waache. Kugeuza kila kitu kichwani huku unachora nukta za nusu milimita ni kujitafutia maumivu. Vioo viwili vilivyounganishwa kwa pembe ya digrii 90 hukuonyesha kama wengine wanavyokuona, ila mshono wao hupita katikati ya pua. Ukipenda kutumia picha ya simu, ipigwe kutoka umbali wa mita moja na nusu au zaidi. Ya karibu huvimbisha pua na kuyarudisha masikio nyuma.

Kuhamishia kwenye karatasi

Paka risasi ya penseli kidogo nyuma ya mchoro mdogo, ulaze juu ya karatasi ya kazi, pitia mistari kwa mkono mwepesi. Kisha rudia mistari hiyo kwa siena iliyochomwa iliyozimuliwa mpaka inakaribia kuwa maji, na ukishaona imekauka futa penseli. Penseli ikiachwa chini itachanganyika na rangi na kukupa ngozi ya kijivu.

Hapa simama upime. Macho yawe katikati ya urefu wa kichwa (karibu kila anayeanza huyapandisha), na nafasi kati ya macho mawili itoshe jicho jingine. Kosa la nusu milimita hapa ni sawa na milimita nne usoni. Nusu milimita ndiyo tofauti ya wewe na binamu yako.

Rangi ya msingi

Changanya rangi moja ya uso mzima na uipake kwa tabaka moja jepesi, kichwa na shingo pamoja, ukiacha macho tu. Usichague rangi ya wastani ya ngozi yako. Chagua ile ya sehemu pana iliyo angavu. Rangi za maji huenda upande mmoja tu, gizani. Ukianza na giza huna pa kwenda.

Kwa ngozi nyeupe, okra na tone la nyekundu, maji mengi. Kwa maji ya kunde, okra na siena iliyochomwa. Kwa ngozi nyeusi, siena iliyochomwa na ultramarini kidogo, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kabisa kabla ya nyingine. Nyeusi ya tyubu usiiguse. Inakaa juu ya uso kama masizi na kuua joto lote la chini yake. Ultramarini ikikutana na siena iliyochomwa hutoa giza zito lenye uhai, nawe ukaamua kama lielekee ubaridi au joto.

Msingi ukikauka, weka mandhari ya nyuma mara moja kabla hujaendelea na uso. Sababu ni kwamba uso uliokaa juu ya karatasi nyeupe hudanganya: kila kivuli kinaonekana kizito mno, unaogopa, unaishia na uso uliopauka. Wachoraji wa karne ya 16 walipenda bluu moja iliyolala sawasawa. Changanya guashi ya kutosha, jaza brashi, na uende haraka toka juu hadi chini bila kurudi nyuma kuparaza.

Nukta na mistari

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayokula saa nyingi. Kivuli hakipakwi kwa kufagia. Kinajengwa kwa nukta ndogo na vimistari vifupi sambamba, tabaka juu ya tabaka, na jicho la mtazamaji ndilo linaloviunganisha.

Chovya brashi, ifute kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, izungushe ili ncha ichongoke, kisha gusa na uondoke. Usisugue. Ukisugua, maji ya brashi yatainua tabaka la chini na utabaki na doa jeupe lenye ukingo mweusi. Mkono wa pili uwe chini ya ule unaochora, kama mto. Gusa wakati pumzi inatoka. Ukiwa umeibana mkono hutetemeka.

Anza na vivuli vikubwa vitatu: matundu ya macho, upande wa pua ulio mbali na mwanga, na chini ya kidevu. Vimistari vifuate umbo: vizunguke shavu, vishuke na pua. Kila baada ya dakika ishirini nyoosha mkono, shika picha mbali, fumba macho nusu. Kama uso unasomeka hivyo, uko njiani. Kama hausomeki, usiongeze undani. Ongeza kivuli kwenye hayo matatu.

Ngozi nyeusi ina siri yake: mng'ao wa paji la uso na mfupa wa shavu mara nyingi huwa wa kibuluu, kwa kuwa ngozi inaakisi anga la dirishani, na vivuli vyake huelekea wekundu. Guashi nyeupe iliyotiwa bluu chembe, nukta tatu au nne tu, huamsha uso wote.

Macho

Fanya hesabu ili uheshimu ukubwa. Jicho lako lina upana wa milimita 30 hivi. Kwenye picha linakuwa chini kidogo ya milimita 4. Duara lake la rangi, lenye milimita 12, linakuwa milimita moja na nusu. Mboni yenyewe ni nusu milimita. Hakuna nafasi ya mishipa, hakuna nafasi ya nywele za kope moja moja.

Yapo mambo manne tu. La kwanza, mstari wa ukope wa juu, mzito kuelekea pembe ya nje. Huo peke yake unasimama badala ya kope zote. La pili, duara la rangi lililofunikwa kidogo kwa juu na ukope huo. Ukilichora zima, utaonekana umeona jini. La tatu, weupe wa jicho usiwe mweupe. Uwe wa kijivu hafifu, maana ukope huutia kivuli. La nne, nukta moja ya guashi nyeupe, upande uleule kwa macho yote mawili, unayoiweka mwisho wa kazi nzima, ukiwa umeshanawa mikono na kutulia.

Chora macho yote mawili kwa pamoja, nukta huku nukta kule. Anayemaliza moja kwanza hupata moja zuri.

Kuhusu lenzi ya kukuzia: ile ya mara mbili inatosha, na itoke kabatini theluthi ya mwisho tu. Ukianza nayo utaona karatasi kubwa kama shuka na utaijaza. Niliwahi kuchora kila mkunjo wa pembeni mwa macho chini ya lenzi, nikafurahi, nikaitoa lenzi nikakuta nimezeeka miaka ishirini. Kama macho yanachoka kuhama kati ya kioo cha mbali na karatasi ya karibu, tazama kioo kwa muda mrefu, kariri jambo moja, shuka, uliweke, panda tena. Umri si kizuizi: Simon Bening wa Flanders (leo sehemu ya Ubelgiji) alijichora mwaka 1558 akiwa na miaka 75, kando ya dirisha, miwani yake mkononi.

Pua, mdomo, nywele

Pua haina mstari. Ina kivuli chini na mng'ao kwenye ncha, basi. Mdomo ni ule mstari wa kati na pembe zake mbili. Pembe zikipanda upana wa unywele unatabasamu, zikishuka unanuna. Kwa kuwa kujikodolea macho kiooni kwa saa nyingi hukunja uso wa yeyote, legeza taya kila unapoutazama mdomo.

Nywele zipake kwanza kama wingu moja la giza, kisha inua mwanga sehemu moja au mbili. Nywele ndefu zinahitaji nyuzi sita au saba ukingoni, zisizidi. Za kipilipili hazitaki nyuzi kabisa: tumia nukta zilizozungushwa kidogo, na ukingo wake uachwe umevunjikavunjika, usikatwe kama kofia.

Yakiharibika

Doa bichi usiliguse. Likikauka, lilainishe kwa brashi safi yenye unyevu, hesabu tano, bonyeza kitambaa. Unywele ulionatia subiri ukauke kisha uung'oe kwa sindano. Mng'ao uliopotea unaweza kuukwangua kwa ncha ya wembe, mara moja tu, kwenye karatasi kavu kabisa. Na usipulize vumbi, utapuliza mate.

Kufunga

Iache siku mbili ikauke, kisha geuza kadi uandike nyuma kwa penseli: jina, mwaka, umri wako na rangi ulizotumia. Hilliard umri wake aliuandika mbele kwa dhahabu. Mtu mwenye mkono kama ule anaruhusiwa.

Fremu iwe na kioo kilichobinuka au ukingo unaoinua kioo milimita mbili tatu juu ya picha. Kikigusa, unyevu utaibandika rangi kwenye kioo na siku ya kufungua uso wako utabaki upande wa pili. Itundike pasipofikwa na jua wala mvuke. Ukishaona fremu imefungwa na huna tena cha kurekebisha, ndipo ufute zile alama za sabuni kiooni.